Sikuanguka kwa Upako, Nilikanyaga Waya

Wakuu, tuelewane kwanza. Sikuanguka kwa upako. Nilikanyaga waya wa kinanda. Ile video aliyoiweka jamaa yangu status tangu jana mchana imekatwa makusudi, waya hauonekani, na ule wimbo wa kuabudu aliouchomekea haukuwepo. Na sikulia. Lile lilikuwa jasho. Mlionitumia "hongera kwa kumpokea Bwana", asanteni, ila someni kwanza kabla hamjaninunulia Biblia. Ninazo mbili tayari.

Mnaonifuata siku nyingi mnaujua msimamo wangu. Katiba ya 1977, ibara ya tatu, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Basi, mimi na Jamhuri damdam. Tofauti yetu ni kwamba Jamhuri haina mama mkwe mtarajiwa. Serikali iliacha kuuliza dini kwenye sensa baada ya ile ya 1967, yeye hajaacha. Nikipiga simu kumsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu: "Hivi unasali wapi?" Huwa namjibu "Kimara". Ni kweli naishi Kimara.

Sasa Jumapili kulikuwa na ibada ya shukrani. Mama alifanyiwa upasuaji, akatoka salama, akaandaa sadaka na pilau. Mwenzangu akaniambia safari hii hakuna cha kazi za ofisini wala mafua. Tukiwa kwenye bajaji akanipa darasa.

"Ukisikia 'Bwana Yesu asifiwe', jibu 'Amen'. Ukisikia 'Mungu ni mwema', jibu 'kila wakati'. Wakigeuza na wewe geuza. Akitajwa shetani, 'ashindwe'. Mchungaji akitamka jambo zuri, 'napokea'."

"Nikichanganya?"

"Usichanganye."

Jamani, saa ya kwanza nilikuwa moto! Mzee mmoja pembeni yangu alinishika bega akaniuliza nimeokoka mwaka gani. Swali la mtego hilo. Nikamwambia, "Mzee wangu, Mungu ni mwema." Akasema, "Kila wakati!" akanipa mkono, tukaendelea na ibada. Hakutaka tena mwaka. Nikaanza kuelewa kwa nini watu hawayaachi maneno haya: unapita nayo kila geti bila kufunguliwa begi. Mimi ambaye nimegombana na fundi makochi wangu kwa sababu ya "Mungu akipenda Ijumaa", nilikuwa nimekaa pale nayatumia kuliko mwenye kanisa.

Kisha ukaja wakati wa kutamkiwa. Kinanda kinapanda taratibu, Mchungaji naye anapanda.

"Kuna mtu hapa, mwaka huu anapata kiwanja!"

"Napokea!"

"Chenye hati!"

"NAPOKEA!" Hiyo ya hati niliipokea kwa imani kabisa. Kiwanja cha Dar bila hati mnakijua wenyewe.

Baada ya hapo ngoma zikanyamaza, Mchungaji akavaa miwani, akafungua Kumbukumbu la Torati. Mimi huku pua ilishatoka nje, iko kwenye sufuria la pilau. Yaliyosemwa katikati nilikuja kusimuliwa baadaye: Bwana Afya wa kata amefika, amesema matundu mawili ya choo kwa watu wote wale ni hatari, ametoa muda. Kamati ya ujenzi imekufa, mwenyekiti wake amehamia Dodoma. "Nahitaji mtu mmoja," akasema Mchungaji. "Mmoja tu, atakayesimamia vyoo vya nyumba ya Bwana."

Naomba niwaoneshe kile kimya, maana kwenye video hakimo. Mzee wa kanisa wa mstari wa mbele anainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake ni vya kuchomeka, havina kamba. Mama mhazina anatafuta kitu kwenye mkoba, anakitafuta kweli kweli, mpaka anautoa utando wa mfuko nje. Mwanakwaya mmoja anambembeleza mtoto aliyelala. Feni inazunguka, kwi, kwi, kwi. Mimi nimefumba macho, nawaza kama ukoko utabaki. Mchungaji anaona hakuna anayemwangalia, anarudisha ile sauti, ile ile ya viwanja, anaipandisha:

"Kuna mtu hapa!"

"NAPOKEAAA!"

Mikono yote miwili juu. Peke yangu. Sauti ikagonga bati, ikarudi, nikaisikia mimi mwenyewe mara ya pili. Mpiga kinanda, kwa mazoea tu, akabonyeza. Na kabla sijafumbua macho nikasikia kigelegele, kirefu, na nikakijua ni cha nani. Mama mkwe.

Nikamgeukia mwenzangu. Hakunitazama. Alisema bila kusogeza midomo:

"Umepokea vyoo."

Nikaitwa mbele. Ule mwendo wa kutoka kiti cha nyuma hadi madhabahuni sitaki kuuongelea. Nikapewa maiki. Nikasema moyoni, wewe ni mtu mzima, kataa kistaarabu, watu wataelewa.

"Mchungaji, mimi kwa kweli sistahili."

"Ameeen!" kanisa zima.

"Mmesikia unyenyekevu huo?" akasema Mchungaji.

"Hapana, namaanisha... mimi hata kusema mbele za watu siwezi."

"Musa naye alisema hivyo hivyo!"

"Na bado ni kijana."

"Yeremia!" Hapo hakuwa Mchungaji tena, ni akina mama upande wa kulia.

"Halafu kwetu hatuna uwezo, mimi mwenyewe ndiye wa mwisho nyumbani..."

"Gideoni!" Hiyo ilitoka kwa mtoto wa Sunday school. Mtoto!

"Basi naomba nitoke nje kidogo."

"Yona!" Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi.

Wakuu, nani alijua? Nilidhani Biblia imejaa watu waliokubali. Kumbe wapo kibao waliokataa kwanza, na kila sababu unayoweza kuifikiria imeshatolewa, imeshajibiwa, na aliyeitoa alipewa kazi vile vile. Kadiri ninavyojitoa, wao wanaona sifa zangu zinatimia. Ningekubali haraka huenda wangenitilia shaka.

Nikabaki na karata moja. Nikaisogeza maiki mdomoni, nikasema polepole ili kila mtu asikie: "Ukweli ni kwamba mimi siamini."

Kimya. Nikamwona mama mkwe kaweka kiganja kifuani. Nikasema haya, posa imekwenda, lakini vyoo navyo vimekwenda.

Mchungaji akavua miwani. Akauliza kwa upole, "Wangapi humu siku ya kwanza waliingia hawaamini?"

Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Mzee wa viatu bila kamba, juu. Mpiga kinanda, juu. Mama mkwe, mikono miwili. Mimi nilikuwa nimetangaza kuondoka, wao wakawa wanasogea nikae.

Mara viganja vikawa kichwani kwangu, sijui vingapi. Mzee mmoja mwenye mkono mzito akawa ananisukuma paji la uso katika kila "pokea". Pokea, hatua moja nyuma. Pokea, hatua nyingine. Pokea, waya. Nikaenda chini na kinanda kikalia mlio mmoja mrefu kikazima. Mama mmoja akaja mbio akanifunika kanga miguuni, mimi mwenye suruali. Nikawa nawaelekeza, jamani, "Waya! Waya!" Nikamsikia akiwaambia wenzake kwa sauti ya kutetemeka: "Mwacheni, anasema Yahwe."

Hapo ndipo video inapoanzia. Aibu gani hii!

Mengine ni mafupi. Nikapewa pilau yenye nyama nne, Biblia mbili, na faili la kamati lenye stakabadhi za kokoto ambazo hakuna aliyewahi kuziona hizo kokoto. Mama mkwe ananiita "mwenyekiti". Swali la unasali wapi halijaulizwa tena. Mwenzangu ananisemesha, ila akinitazama tu anaanza kucheka. Mchungaji alinivuta pembeni akaninong'oneza, bila amen wala haleluya: "Kijana, najua ulikuwa umesinzia. Lakini Bwana Afya anarudi mwisho wa mwezi." Akanishika mkono, akaenda zake kula. Usiku nikafungua Kumbukumbu la Torati 23 nihakikishe, na kweli imo: muwe na mahali nje ya kambi, muwe na kitu cha kuchimbia, na mfukie. Mashimo ya choo, wakuu, yameandikwa.

Fundi wa shimo nimempata. Nimemuuliza anaanza lini, kasema Mungu akipenda Jumatatu. Mchungaji kaniuliza fundi anaanza lini, nikamjibu... mnajua nilivyomjibu.

Yule mzee wa viatu naye kanifuata getini, kanipa mkono, kaniambia, "Mtumishi, tutakuombea sana."

"Asante mzee. Ukiniombea, uniombee na mifuko mitano ya saruji."

"Amina!" akasema, kwa nguvu.

Nikafungua faili mbele yake, nikamwandika: mifuko mitano. Alipoona nakoza herufi kwa kalamu alianza kukohoa, lakini si amesema Amina?

Nondo bado, mchanga lori mbili bado, milango ya matundu bado. Na ninyi mtakaoandika "Amen" hapo chini, nawaona mmoja mmoja. Faili liko wazi.