Msimlaumu kijana, laumuni faili

Juzi usiku mpwa wangu alinipigia kutoka Morogoro, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Nimeamua kuacha."

Wiki tatu nzima alikuwa akimchonga mama muuza ndizi katika Blender, programu huria ya kuunda wahusika wa 3D. Kamuundia mifupa, kampaka uzito kila kiungo (yaani kila mfupa uvute ngozi kiasi gani), kamfundisha kutembea na beseni kichwani bila kulishika. Nimeuona mwendo ule. Kiuno kinacheza kidogo, shingo imetulia kabisa, kama unavyowaona kina mama stendi ya Msamvu asubuhi. Kitu kama hicho hakifanywi na mtu asiye na jicho.

Akamtoa kwa FBX, aina ya faili la kumbeba mhusika kati ya programu, akamwingiza Unity, programu ya kutengenezea gemu. Akiwa amesimama tu, mzima. Msimbo ulipomwamuru ageuke, akalala chini. Beseni lilipotundikwa kwenye mfupa wa kichwa, likavimba mara 100 na kulifunika soko zima. Mwalimu wake wa kozi akamwambia hana umakini, aanze upya.

Hapo ndipo nilipokasirika, na mpaka sasa haijanitoka.

Kijana hakukosea. Kwa Blender, mhimili wa kwenda juu ni Z. Kwa Unity, juu ni Y. Blender hupima kwa mita, FBX kwa kawaida hupima kwa sentimita. Ili hesabu zilingane, mhusika hubandikwa mzunguko wa digrii 90 na ukubwa wa mara 100, kimyakimya, na namba hizo hubaki zimeikalia mifupa yake. Msimbo ukiurudisha mzunguko kwenye sifuri, mama wa watu analala. Ukitundika kitu kwenye mfupa, kinairithi ile mia. Umakini gani utamwonyesha mtu jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lipo?

FBX ilizaliwa Montreal miaka ya 1990, katika kampuni ya Kaydara, kwa ajili ya programu yao ya Filmbox. Tangu 2006 imo mikononi mwa Autodesk, kampuni kubwa ya programu, na maelezo kamili ya muundo wake hayajawekwa hadharani. Autodesk hutoa maktaba ya msimbo ya kuisoma, lakini masharti yake hayapatani na leseni huria ya Blender. Ikabidi watengenezaji wa Blender waichambue baiti kwa baiti, wakikisia maana. Yaani kijana wa Morogoro anaikabidhi kazi yake kwa lugha ambayo programu yake ilijifunza kwa kusikilizia mlangoni, kisha ikikosewa tafsiri, anaambiwa yeye ndiye hajui kusema.

Na glTF ipo, faili la kazi hiyohiyo! Khronos Group, muungano wa kampuni unaoandika viwango huria, walitoa toleo la 2.0 mwaka 2017, maelezo yote yako wazi, na mwaka 2022 ikawa kiwango cha ISO. Imeandikwa humo waziwazi: kipimo ni mita, juu ni Y, mbele ya modeli ni Z. Mifupa, uzito, animesheni na picha za rangi, vyote ndani ya faili moja la glb, umbo la glTF lililofungwa pamoja. Godot, programu huria ya gemu, inalisoma moja kwa moja.

Haya, Unity hailisomi mpaka uongeze kifurushi cha glTFast. Na studio kubwa zinazotumia Maya, programu ya 3D ya Autodesk, zimejenga kila kitu juu ya FBX. Ukiajiriwa huko utaifuata, sina la kubisha. Hata mipangilio ya kuituliza FBX ipo, nimeitumia miaka mingi. Lakini anayeanza, peke yake, kwa kompyuta ya kuazima, kwa nini apitishwe mlango huo kwanza?

Ninyi mnaofundisha, nawaomba, somo lisiishie kwenye kurenda video, yaani kuigeuza kazi kuwa video tu. Siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajapaka uzito hata wa kidole, atengeneze kisanduku chenye mifupa miwili. Akitoe, akiingize kwenye gemu, akigeuze, akitundikie kitu. Ni kazi ya dakika chache. Kikilala, kimelala kisanduku, si wiki tatu za maisha yake.

Tulikaa kwenye simu hadi saa saba, tukamtoa mama upya kwa glb. Akageuka, beseni likatulia kichwani.

Jana ametuma video nyingine: mama anapopanda ngazi, goti linachomoza nje ya kanga. Nimemwambia ahesabu kila nukta ya kanga inavutwa na mifupa mingapi, maana kwa kawaida faili likitolewa, hubaki minne tu kwa kila nukta. Amejibu ni sita.