Niite Fundi

Kibanda changu kiko Kondele, hapa Kisumu, karibu na stendi. Natengeneza simu: skrini zilizopasuka, chaji, spika zilizoingia maji ya ziwa. Mteja mgeni akifika hunitazama kuanzia nywele mpaka viatu, anarudia tena, halafu anasema, "Fundi, hii simu inakataa kuwaka." Basi, yamekwisha. Katika majina yote niliyowahi kuitwa, hilo ndilo limenikaa vizuri zaidi.

Mimi sijioni mwanamume, wala mwanamke. Marafiki walioko Nairobi huniuliza natumia kiwakilishi gani. Swali ni zuri, ila ni la Kiingereza. Huko usipochagua "he" au "she" sentensi haiendi, na ndiyo maana mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ilipoongeza maana ya "they" kwa mtu mmoja kama mimi, ikawa habari. Kwetu ni alikuja, amekaa, anapika. Nani huyo? Uliza. Dholuo, lugha yetu Wajaluo, nayo ni hivyohivyo: osebiro, amefika, yeyote awaye. Shuleni tulikaripiwa mno kwa kuandika insha ambamo mama ni "he" aya ya kwanza na "she" aya ya pili. Leo nacheka, maana tulikuwa tunafikiri kwa lugha zetu tu.

Kinachotusumbua sisi ni adabu. Huwezi kumwita mtu mzima kwa jina tupu, na karibu kila neno la heshima lina jinsia ndani yake: mama, baba, kaka, dada, madam, siz, bro. Anayetaka kunitukana hakosi neno, jikedume lipo tayari mdomoni. Anayekwama ni yule anayetaka kuniheshimu. Juzi mwenye boda alianza, "Twende, bro... si... aa, kastoma!" Nilipanda kwa furaha, ingawa aliniongezea bei.

Tulikuwa na "ndugu", neno la kumtosha yeyote. Tanzania wanaume kwa wanawake huitwa Ndugu Fulani na hakuna anayeshtuka. Huku kwetu kanisa limelikata nusu. Kila Jumapili utasikia "ndugu na dada zangu", kwa hiyo ndugu amekuwa mwanamume. Ningependa turudishiwe neno letu, lakini nikijiita ndugu hapa Kisumu watu wanasikia kaka.

Kosa linaloniudhi zaidi hufanywa na watu wenye nia njema. Kwenye matanga fulani binamu yangu alinitambulisha kwa wageni: "Huyu ni wa jinsia mbili." Alidhani amenitetea. Lakini jinsia mbili, au huntha, ni maneno ya mwili, ya mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo daktari hawezi kuyaweka upande mmoja. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 1,524 wa namna hiyo, na walipigania muda mrefu kuhesabiwa. Mimi simo katika hesabu hiyo na sina haki ya kujiingiza humo. Mwili wangu haukuwahi kumtatiza mkunga. Ninachosema ni jinsi ninavyojijua. Vijana wengine wanasema nonbainari, na nikiandika nalitumia, maana atakayelitafuta kwenye intaneti atapata maelezo. "Mtu asiyejitambulisha kuwa mwanamume wala mwanamke" ni sahihi, lakini linanuka fomu ya serikali. Ukilimaliza, matatu imeshaondoka.

Jina nalo lilikuwa na kazi yake. Wajaluo tunajua: Otieno ni mvulana, Atieno msichana, herufi moja imemaliza mambo. Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo ni Okoth au Akoth, na sitawaambia ipi. Ukiiondoa herufi ya kwanza inabaki koth, yaani mvua yenyewe. Ndivyo ninavyojiita sasa. Nilipomweleza dana, yaani nyanya yangu, alinyamaza kidogo, akauliza kama nimekula. Yeye huniita nyakwara, mjukuu wangu, na neno hilo halina herufi ya kuondoa.

Aliyebaki ni mtoto wa dada yangu, ana miaka minne. Anti hataki, anko hataki, kwa sababu amenisikia nikikataa yote mawili. Akaanza kuniita Koth, mama yake akamfokea: mtu mzima haitwi hivyo! Nilimuunga mkono dada, kusema kweli. Mimi pia nimelelewa hivyo, na sitaki mtoto akose adabu kwa ajili yangu. Tukabishana wiki nzima tukitafuta neno, hatukulipata.

Jumamosi simu ikalia kibandani. Sauti ndogo: "Fundi Koth, mama amesema uje na chaja yake."