Aliyezoea baiskeli, je, pikipiki tayari anaijua?

Vijiweni utasikia kwamba aliyekulia kwenye baiskeli hana haja ya kufundishwa pikipiki, apewe funguo aende. Hoja ina mashiko. Bodaboda wa kwanza, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, walibeba abiria kwa baiskeli; pikipiki zilikuja baadaye. Aliyehamia kutoka baiskeli tayari alijua kukaa juu ya magurudumu mawili bila kuanguka, na mwili wake ulijua kujilaza kwenye kona, jambo ambalo hata fundi wa kuendesha hushindwa kulieleza.

Lakini tazama mkono wa kushoto. Kwenye baiskeli huwa umeshika breki. Kwenye pikipiki umeshika klachi, inayotenganisha injini na gurudumu. Mbuzi akikatiza ghafla, vidole hubana vyenyewe, na badala ya kupunguza mwendo pikipiki inaendelea kwenda tu, kwani hata injini haiizuii tena. Asiyejua lolote hana mazoea hayo ya kumponza, ndiyo maana nawaelewa walimu wanaompendelea.

Mwendo nao unadanganya. Ukitoka kilomita 15 kwa saa hadi 60, kasi imeongezeka mara 4, lakini umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika unakaribia mara 16. Jicho la baiskeli halina hesabu hiyo.

Mwaka 1901 wanasaikolojia Edward Thorndike na Robert Woodworth waliwazoesha watu kukadiria ukubwa wa maumbo fulani, kisha wakawapima kwa maumbo mengine. Faida iliyovuka ilikuwa ndogo. Wakasema ujuzi huhamia pale tu kazi mbili zinapokuwa na vipengele vile vile.

Kwa viungo vya mwili nakubaliana nao. Kwa akili, sina hakika. Bodaboda anapojifunza gari, klachi imehama kutoka mkononi hadi mguuni, hakuna msuli unaomsaidia. Hata hivyo anajua kwa nini inaachiwa polepole, na hilo humpunguzia kuzimiwa injini kila anapoondoka. Ameondoka na maana, mazoea ameyaacha kwenye pikipiki.

Kwa hiyo mwenye baiskeli nisingempotezea muda kwenye kujisawazisha. Ningempeleka uwanja mtupu afunge breki kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia, tena na tena, kabla hajaiona barabara. Ada ya mafunzo apunguziwe, ila kidogo tu.