Nyungo Tatu za Mama Mkwe

Sijapata kuona upepo mnafiki kama kusi ya mwezi wa Julai hapa Malindi. Mchana mmoja, kwa sababu ya maneno fulani ambayo daktari aliyasema kuhusu tumbo langu na ambayo sioni haja ya kuyarudia, nilitoa baiskeli yangu ya chuma, isiyo na gia hata moja na yenye kengele inayojilia yenyewe kila ipitapo penye shimo, nikashika njia ya kwenda kumwamkia mama mkwe, ambaye anaishi kwenye vilima vya Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki.

Kwenda kulikuwa starehe tupu. Nilivuka daraja bila ya kutoka jasho, nikaingia kwenye ardhi nyekundu ya Magarini, ambako njia hupanda, ikashuka, kisha ikapanda tena kama mtu asiyejua anakokwenda. Kilima cha kwanza nilikipanda nikipiga mluzi, na cha pili nilikipanda nikiwahurumia vijana wa siku hizi ambao hawawezi kwenda hata sokoni bila ya kukodi pikipiki. Laiti ningalitazama chini ningaliona kwamba pindo la shati langu lilikuwa limenitangulia mbele, dalili ambayo hata mtoto wa mvuvi angalijua maana yake. Mimi niliyahesabu yote hayo kuwa nguvu za miguu yangu. Nilipofika nilimpigia simu mke wangu kumwarifu kwamba nimetumia dakika 50 tu, na kwamba daktari huyo akatafute wagonjwa kwingine.

Saa kumi niliomba ruhusa ya kuondoka. Mama mkwe, Mungu amzidishie umri, aliingia ndani akatoka na nyungo tatu mpya za bintiye, akasimama kuona zinavyofungwa kwenye keria. Mkwe hakatai zawadi, wala hamfundishi mama mkwe namna ya kufunga mzigo, kwa hiyo nyungo zilisimamishwa wima nyuma yangu, uso zimeuelekeza Malindi, yaani kule kule upepo ulikotoka.

Wazee wetu walikuwa na akili: walikuja na majahazi kwa kaskazi, wakauza, wakanunua, kisha wakaketi wakisubiri kusi iwarudishe Arabuni, na hakuna aliyewaita wavivu. Asiyejua kusubiri alikuwa Vasco da Gama, ambaye mnara wake tunao hapa hapa ufukweni. Mwaka 1498 aling'oa nanga Malindi mwezi wa Aprili, akafika Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Kurudi alilazimisha wakati upepo ulikuwa haujamgeukia, na bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, naye akaiona Malindi tena Januari 1499. Hata hivyo, kwa kadiri nijuavyo, hakuwa amebebeshwa nyungo.

Mimi nilikuwa nazo. Kupanda kilima sikulalamika sana, kwa sababu nilishuka nikaisukuma baiskeli kama ng'ombe mgonjwa. Kilichoniuma ni kuteremka. Mtu hustahimili mlima kwa kutumaini mteremko, lakini siku ile nilijikuta nikikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote huku natazama bondeni, na nilipopumzisha miguu kidogo, baiskeli ilisimama katikati ya mteremko, nami nikatazamana na mbuzi aliyekuwa akila majani kando ya njia, ambaye aliacha kutafuna.

Nikakumbuka kwamba jahazi likikabiliwa na upepo hubisha, likaenda upande huu na upande huu. Nikaanza kubisha. Nilikuwa nimekwisha kuivuka njia mara nne kwa ustadi mkubwa wakati kijana wa bodaboda, aliyenikosa kwa shubiri moja, alipopaza sauti, "Mzee wangu, umelewa saa hizi?" Ningalimweleza habari za majahazi, ila mchanga mwekundu ulikuwa umejaa kinywani mwangu. Na watu wote wa pwani husema kwamba wachawi husafiri kwa ungo. Nilikuwa na nyungo tatu, na hakuna hata mmoja ulioninyanyua.

Kwa kweli mmoja uliruka, karibu na daraja la Sabaki, ila uliruka peke yake, ukabingirika kurudi Magarini kwa mwendo ambao sikuwa nao hata nilipokuwa kijana.

Niliingia nyumbani baada ya sala ya Isha. Mke wangu alizihesabu nyungo kabla ya kunijulia hali, nikamweleza kwamba wa tatu umerudi kwa mamake. Akanipa maji, akangoja nikayanywa yote, kisha akaniambia kwa upole kwamba kesho niufuate, kwani kwenda ni dakika 50 tu.