Kitovu cha Mtu wa Theluji

Theluji ilishuka usiku kucha, na kulipokucha shule zikatangaza kufungwa. Kwa watoto hiyo ni sikukuu. Kwa mzazi ni amri ya kuvalisha: suruali juu ya suruali, soksi nzito, koti, buti, skafu, kofia, na glavu ambazo kidole gumba cha mtoto wa miaka minne hakikubali kabisa kuingia mahali pake. Ukishafunga zipu hadi kidevuni, mikono imetanuka pembeni na haikunjiki tena, ndipo unasikia: "Baba, kojo."

Mzazi mzoefu humpeleka mtoto chooni kwanza. Mimi ni mzoefu, nilimpeleka. Akasema hana.

Huyu wa miaka minne tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hapendi kuulizwa maswali na maamuzi yake hayakatiwi rufaa. Dada yake ana miaka saba na ndiye msemaji wake rasmi. Mheshimiwa akinong'ona kitu sikioni, yeye ndiye anayekuja kutusomea tamko.

Nje palikuwa peupe pote. Theluji ilikuwa bado inadondoka kidogo kidogo, na Msemaji akawa anahesabu ncha za vinyota vilivyotua kwenye mkono wa koti lake: sita, sita, hiki nacho sita. Mheshimiwa alikuwa anavilamba kabla hesabu haijaisha. Ugomvi wa kwanza ukaanzia hapo.

Wa pili ulikuwa wangu. Walitaka mtu wa theluji, tena sasa hivi, lakini ile theluji ilikuwa kavu, unga mtupu. Unaifinya, inamwagika kati ya vidole. Nikawaeleza kwamba baridi ikiwa kali mno chembe hazishikani, zinahitaji unyevunyevu kidogo katikati yake, na kwamba mchana joto likikaribia nyuzi sifuri mambo yatakaa sawa. Wakanisikiliza kwa makini. Kisha Msemaji akamgeukia mdogo wake: "Baba anasema hajui kutengeneza."

Nikawaacha wagaegae, nikashika beleshi nikaenda kulifukua gari. Nilianzia nyuma, kwenye bomba la moshi, maana ukiwasha injini bomba likiwa limezibwa na theluji, hewa yenye sumu inaweza kuingia ndani ya gari, nayo haina harufu ya kukuonya. Nikawasha, nikaacha kioo kilegee barafu, nikakwangua, nikazima. Ufunguo nikautia mfukoni, na koti nikalitundika kwenye uzio, kwa sababu kupiga beleshi kunatoa jasho hata kwenye baridi ya kugandisha kope.

Mchana theluji ikalainika, ikaanza kunatana. Tukaviringisha tufe la kwanza. Watu wengi hawajui uzito wa kitu hiki: tufe lenye upana wa nusu mita, theluji ikiwa imeshindiliwa vizuri, linaweza kufika kilo 25, na letu lilikuwa limevuka hapo kwa sababu kila nikisema "basi" wao wanasema "bado". Kupandisha tufe la tumbo juu yake nilisikia kitu mgongoni kikibadilisha makazi. Kichwa walikibeba wenyewe. Macho tukaweka vijiwe, mikono vijiti. Mheshimiwa alidai kazi ya kitovu, akaifanya peke yake ametugeuzia mgongo, akichimba kwa kidole na kupigapiga kwa kiganja. Kilikuwa kitovu kirefu sana, nikamsifu.

Siku ya pili asubuhi tulitakiwa kwenda stesheni kumpokea mama mkwe. Treni za mama mkwe hazichelewi kamwe. Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti: hamna ufunguo. Mfuko wa pili: leso. Ule wa akiba ulikwisha potea siku nyingi na ni mada isiyozungumzwa nyumbani kwetu.

Nilitafuta chini ya uzio. Nilitafuta chini ya gari kwa tumbo. Lile lundo la theluji nililoliondoa jana nikalihamisha lote upya, beleshi kwa beleshi, nikiipepeta. Usiku baridi ilikuwa imekaza tena na kila kitu kilichokuwa kimelainika kimegeuka jiwe. Mama watoto akafungua dirisha na kuniuliza swali ambalo halijawahi kumsaidia mwanadamu yeyote: "Mara ya mwisho uliuona wapi?"

Ndipo Mheshimiwa akatoka na buti zake, akaenda moja kwa moja kwa mtu wa theluji, akamtia kidole kitovuni.

Gari likawaka taa. *Klak*, milango ikafunguka.

Nikasimama. Mheshimiwa akatia kidole tena. *Klak*, ikafungwa.

"Anamsalimia," akaeleza Msemaji.

"Nani?"

"Mwenye gari."

Nikapiga magoti, nikachungulia. Ndani kabisa ya kitovu, nyuma ya utando wa barafu, niliona pembe nyeusi ya ufunguo. Nikaingiza kidole, kikakwama kwenye kiungo cha pili. Vidole vya watu wazima havikufikiriwa kwenye mchoro ule. Nikachukua kijiti, yaani mkono wake wa kulia, nikauchomeka taratibu nijaribu kuubandua. Kijiti kikateleza, kikagonga kile kitufe cha hatari.

Honi ikaanza.

Theluji mpya hunywa sauti, imejaa vinafasi vya hewa, ndiyo maana mtaa mzima huwa kimya asubuhi za namna hiyo. Kwa hiyo hapakuwa na kelele nyingine ya kuisaidia honi yetu kujificha. Mapazia yakafunguka. Jirani wa ng'ambo akatoka barazani na kanzu ya kulalia, akapaza sauti: "Lizime!" Nikanyanyua mikono yote miwili kumwonyesha kwamba sina ufunguo. Kisha, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine, nikarudi kuchokoa kitovu cha mtu wa theluji kwa kijiti mbele ya macho yake. Akaniangalia kidogo. Akaingia ndani akafunga mlango kwa komeo.

"Mheshimiwa," nikasema, "bonyeza tafadhali."

Akanong'ona sikioni kwa dada yake.

"Anauliza utamfanya nini."

"Tutampasua kidogo tu tutoe ufunguo. Atapona."

Manong'ono tena. Honi inaendelea.

"Anauliza, sasa atarudije kwao bila gari?"

"Nitampeleka mimi!" nikapiga kelele. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu! Bonyeza!"

Kidole kikaingia. Kimya.

Upasuaji ulifanywa kwa kijiko. Mama watoto alishauri birika la maji ya moto, nikakataa, kwanza ndani ya ufunguo kuna vidude vya umeme, halafu maji yale yangemwagikia mlangoni na kuganda, na mama mkwe ana nyonga mbovu. Nikakwangua, nikapulizia pumzi, nikakwangua tena. Watoto walisimama pembeni na nyuso za jamaa wa mgonjwa. Ufunguo ulipochomoka ukaja na pande zima la tumbo, vya juu vikakosa pa kukalia, na kichwa kikaporomoka, kikaviringika hadi miguuni kwa Mheshimiwa. Kizima, macho yote mawili yapo.

Midomo ya Mheshimiwa ikaanza kutetemeka.

"Baba," akasema Msemaji haraka, "uliahidi."

Nilitazama saa. Sikuwa na muda wa kikao kingine. Nikatandika mfuko wa plastiki kwenye kiti cha mbele, nikakiweka kichwa, nikakifunga mkanda. Mheshimiwa akapanda nyuma, ametulia kabisa.

Mama watoto akatoka na mkoba wake, amejipamba, akafungua mlango wa mbele. Akakitazama kichwa. Kichwa kikamtazama. Akaufunga taratibu, akazunguka, akajibana nyuma katikati ya watoto.

"Mama yangu," akasema, "utamweleza wewe."