Reli ipandishwe juu, tumechoka na mageti

Jamani, haya mageti ya reli yananikera! Jiji kubwa kama Melbourne, treni asubuhi zinafuatana, halafu barabara inakatwa na reli ileile. Kengele inalia, taa nyekundu zinawaka, geti linashuka. Treni ya kwenda mjini inapita, unasema sasa tunafunguliwa. Wapi! Ya upande wa pili nayo inakuja. Na wa nyuma yako anapiga honi kana kwamba geti ni lako.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaopinga stesheni za juu, eti zinaharibu mandhari. Mandhari gani? Pale Clayton, kitongoji cha Melbourne, kuna hospitali kubwa jirani na reli, na ambulensi zilikuwa zinakwama getini. Kufikia mwaka 2018 sehemu za reli kati ya vitongoji vya Caulfield na Dandenong zikawa zimepandishwa juu ya nguzo: vivuko 9 vya barabara na reli vikaondolewa, stesheni 5 zikajengwa upya, Clayton ikiwemo. Chini yake sasa watu wanaendesha baiskeli. Aliye jirani na reli, ambaye ua wake sasa unachunguliwa, namwelewa kabisa. Apandiwe miti, awekewe uzio. Ila asituambie geti libaki.

Na wakati wa ujenzi, nyie wa reli mkitupatia mabasi badala ya treni, sawa, tutapanda. Lakini wekeni mtu wa kuelekeza! Mama mwenye kigari cha mtoto anazungushwa stesheni nzima akitafuta tangazo lililobandikwa nyuma ya nguzo.