Orodha ya lugha ngumu haikutungwa kwa ajili yetu

Kila mara orodha ya lugha ngumu duniani huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa utalii hapa Arusha, na kileleni wapo walewale: Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiarabu. Nyingi ya orodha hizo chimbuko lake ni taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani. Kwa hesabu yao, Kihispania huchukua wiki 30 hivi, Kiswahili na Kijerumani 36, na hizo za kileleni 88.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila ni hesabu ya mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Inaniuma kuona kijana wa Ngaramtoni akikata tamaa na Kijapani hata kabla ya kununua daftari, kwa kutishwa na umbali usio wake.

Hicho Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama sisi, na silabi zake karibu zote huishia na irabu. Matamshi yanayomsumbua Mmarekani, sisi tumekua nayo. Uzito uko kwenye maandishi: kana, yaani herufi za silabi, za aina mbili, kisha kanji, zile herufi zilizotoka Uchina, 2,136 za matumizi ya kawaida. Huo ni mzigo kweli, sikatai. Lakini kumweleza mgeni habari za faru pale Ngorongoro hakuhitaji kanji hata moja.

Kwenye toni, yaani sauti kupanda au kushuka kiasi cha kubadili maana, ndipo ninapotaka tutulie. Kiswahili hakina toni, Kichina kinazo, kwa hiyo wengi tunakiogopa. Kimaasai nacho kinazo, tena zinafanya kazi nzito: nomino hubadili toni kulingana na kama ndiyo mtenda au mtendwa. Morani kamuua simba, au simba kamuua morani? Sikio la Mmaasai linalijua hilo kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Sikio hilo likiingia darasa la Kichina, halianzii sifuri. Vilevile zile sauti za kooni za Kiarabu, ha na ain, zinazotutoa jasho wengi wetu, Mwiraqw wa Karatu anazo kwenye lugha ya mama yake.

Na jinsia tatu za Kijerumani zimtishe nani aliyezoea ngeli?

Kwangu mimi, kigumu kinachodharauliwa ni Kiingereza. Cough, though na through zimeandikwa mwisho uleule, lakini kila moja ina sauti yake, na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, anakabidhiwa baiolojia kwa lugha hiyo akiingia tu kidato cha kwanza. Halafu tunamwita mzito.

Vyuo vyetu vya utalii vinapompokea mwanafunzi, vimuulize kwanza nyumbani kwao wanazungumza nini, ndipo vimshauri lugha ya kigeni ya kusoma. Fomu ya kujiunga ina nafasi ya swali hilo. Mstari mmoja tu unatosha.